Jinsi ya kupakia begi la mkononi unaposafiri kwa ndege na watoto wadogo kutoka Mtwara au Lindi

Kila likizo ya shule ikikaribia, maswali ni yale yale. Pampasi ngapi? Uji unapita kwenye ukaguzi? Korosho za bibi niziweke wapi? Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana haki ya begi lake? Mei 2024, mafuriko ya kimbunga Hidaya yalipoikata barabara ya kwenda Dar kule Somanga, hata watu waliozoea basi maisha yao yote walianza kuulizia ndege. Haya hapa majibu, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Jambo moja kwanza, kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi. Ndege kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam hukaa angani saa moja na dakika chache tu, na mzazi anayepakia kwa kuifikiria saa hiyo ndiye anayeishiwa pampasi kabla hajaipanda. Mtoto hasafiri saa moja. Anasafiri tangu anapotolewa kitandani mpaka anapowekwa kwenye kitanda kingine, na katikati yake kuna bajaji au gari la kutoka Lindi, foleni ya kaunta, ukaguzi, ukumbi wa kusubiria, ndege iliyochelewa, na foleni za Dar. Begi la mkononi linapakiwa kwa ajili ya siku hiyo nzima.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Begi la mgongoni la lita 25 hadi 30, lenye zipu nzima na mfuko mmoja wa nje. La magurudumu liache; sababu iko hatua ya 2.
- Mizani. Ya kuning'iniza ikiwepo ni nzuri zaidi, la sivyo omba ya duka la jirani.
- Kanga mbili zilizokwisha kufuliwa mara kadhaa. Mpya haifyonzi maji na inateleza mwilini.
- Vifuko vitatu vya kitambaa au vya zipu, rangi tofauti.
- Mfuko mmoja wa zipu unaoonekana ndani, wa lita 1, kwa vitu vya majimaji.
- Makopo madogo makavu yenye vifuniko vinavyobana.
- Chupa ndogo ya chai ya nusu lita, isiyovuja. Ijaze maji, ilaze usiku mzima juu ya gazeti. Asubuhi gazeti likiwa limelowa, chupa hiyo haisafiri.
- Tiketi, uione uzito unaoruhusiwa. Kwa daraja la kawaida mashirika mengi huruhusu kilo 7 za begi la mkononi, lakini soma yako, usisome ya shemeji.

Na mtoto wa chini ya miaka 2, anayepakatwa, kwa kawaida hana begi lake mwenyewe. Baadhi ya mashirika huruhusu kifuko cha ziada cha chakula na pampasi zake. Uliza siku ya kukata tiketi, uandike jibu. Kuanzia miaka 2 mtoto ana kiti chake na kilo zake. Akitimiza miaka 2 mkiwa ugenini, tiketi ya kurudi lazima iwe ya kiti. Kaunta watahesabu tarehe ya kuzaliwa, hawatatazama kimo.

Hatua kwa hatua

1. Hesabu saa, kisha hesabu vitu.
Andika saa ya kutoka nyumbani na saa ya kufika mnakolala. Anayetoka Shangani au Ligula, pale Mtwara mjini, yuko karibu na uwanja. Saa 6 mlango kwa mlango hadi Dar zinamtosha. Anayetoka Lindi mjini ana kilomita zaidi ya 100 za barabara kabla ya kaunta, aongeze saa 2 na nusu. Wa Masasi, Newala na Tandahimba waongeze zaidi, na wakumbuke kwamba alfajiri ya Newala ni baridi na mchana wa Mtwara ni jasho, kwa hiyo nguo ni za hali mbili. (Wa Kilwa, kwa kweli, basi la Dar linawafaa kuliko kushuka Mtwara kufuata ndege.) Kama unaunganisha ndege nyingine Dar kwenda Mwanza, Dodoma au nje ya nchi, jumlisha na hizo.

Ukipata jumla, ongeza saa 4 za akiba. Mvua za Januari hadi Aprili huku kwetu huweza kuchelewesha ndege, na kuna siku inafika juu ya uwanja, inashindwa kutua, inarudi Dar. Saa 4 hizo si uoga.

2. Pakia begi la mgongoni, siyo la magurudumu.
Mtwara unapanda ndege kwa kutembea uwanjani na kukwea ngazi. Ngazi nyembamba, mtoto mmoja ubavuni, mwingine umemshika mkono, jua la saa saba: begi la magurudumu hapo ni mtoto wa tatu. Halafu ndege nyingi za njia hii ni za mapangaboi, na makabati yake ya juu ni madogo. Begi gumu lisiloingia huchukuliwa mlangoni na kwenda kuwekwa nyuma na mizigo mingine, pamoja na maziwa, dawa na pampasi zote. La mgongoni, laini, lisilojaa pomoni, linaingia chini ya kiti cha mbele.

3. Gawa vitu katika mafungu matatu.
Usigawe kwa aina ya kitu. Gawa kwa wakati wa kukitumia.

Kifuko cha kwanza ni cha *kaunta na ukaguzi*: nyaraka, simu, pesa kidogo, mfuko unaoonekana wa majimaji. Cha pili ni cha *kitini*: pampasi 2, tishu za maji, kanga moja, chakula kidogo, kitu kimoja cha kuchezea. Cha tatu ni *akiba*: kila kilichobaki.

Kifuko cha kitini ndicho kinachookoa. Ukishakaa unakitoa, begi unalisukuma chini ya kiti, na huligusi tena mpaka mmetua. Mzazi anayefukua begi zima akitafuta chuchu ya bandia wakati ndege inapanda, mtoto analia, na jirani anapigwa kiwiko, hajafanya mgawanyo huu.

4. Nyaraka.
Kitambulisho chako: cha NIDA, leseni, pasipoti au kadi ya mpiga kura. Cha mtoto: cheti cha kuzaliwa. Kadi ya kliniki ibebe pia, kwa sababu ina umri, uzito na chanjo, na daktari yeyote wa ugenini ataiuliza. Kama mtoto hana cheti, usisubiri wiki ya safari. Ulizia ofisi ya kata au kituo cha afya ulikojifungulia, ambako watoto wa chini ya miaka 5 husajiliwa.

Ukienda nje ya nchi, mtoto ana pasipoti yake hata kama ana mwezi mmoja. Ukisafiri peke yako bila mzazi mwenzako, beba barua ya ridhaa yake iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho chake.

Familia nyingi kutoka huku hupanda ndege kwa sababu ya rufaa ya hospitali. Faili, picha za eksirei na barua ya rufaa zinakaa begi la mkononi, zimelazwa kwenye bahasha ngumu upande wa mgongo wako. Mzigo wa chini, ule unaoukabidhi kaunta, ukichelewa siku moja, nguo zitasubiri. Miadi ya kliniki haisubiri.

Piga picha kila karatasi kwa simu.

5. Pampasi na usafi.
Kanuni: pampasi 1 kwa kila saa 2 za safari, ukijumlisha saa za akiba. Mfano wa Lindi hadi Dar: saa 8 na nusu, ongeza 4 za akiba, unapata saa 12 na nusu. Hiyo ni pampasi 6, na moja ya bahati mbaya, 7. Zitoe kwenye pakiti, zikunje bapa, zibane kwa mpira. Pampasi moja ina gramu 30 hadi 40, kwa hiyo zote 7 hazifiki robo tatu ya nusu kilo. Hapa siyo mahali pa kubania uzito.

Kwa mtoto anayevaa nepi za kitambaa: siku ya safari mvalishe pampasi, hata kama nyumbani hamzitumii. Nepi iliyolowa haina pa kwenda ndani ya ndege.

Tishu za maji nusu pakiti zinatosha. Funga mdomo wa pakiti kwa gundi karatasi, maana zikikauka ni karatasi tu. Kwa kuhifadhi pampasi chafu tumia ganda la pakiti ile ile ya pampasi au mfuko wa zipu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, usionekane nayo mlangoni pa uwanja. Ile ya zipu ya vitu vya usafi wa safari haina shida.

Choo cha ndege ndogo ni chembamba, na usitegemee kukuta meza ya kubadilishia mtoto. Mbadilishe pampasi dakika 20 kabla ya kuitwa kupanda, hata kama iliyopo bado kavu. Ukiacha "kwa sababu haijajaa", itajaa mkifungiwa mikanda.

6. Kanga na nguo.
Mwenye kanga mbili hahitaji blanketi, shuka la kubadilishia, kitambaa cha kunyonyeshea, taulo wala pazia. Moja ikae kifuko cha kitini, nyingine akiba. Yenye gamba la maziwa inageuzwa, inaendelea na kazi.

Mbeleko beba, ni ya thamani kuanzia kwenye gari mpaka ukumbini. Lakini jua mapema: kwenye ukaguzi utaambiwa umtoe mtoto, na wakati wa kuruka na kutua mhudumu atakuambia umfungue, umpakate mbele na mkanda wa mtoto unaounganishwa na wako. Kwa hiyo funga mbeleko ya fundo linalofunguka kwa mkono mmoja. Fundo la kwenda shamba siyo la leo.

Nguo za mtoto jozi 2, kila jozi imeviringishwa pamoja: ya juu, ya chini, soksi. Unachomoa furushi moja, hutafuti. Sweta jepesi, kwa sababu kiyoyozi cha ndege hupuliza kichwani. Na blauzi au fulana yako moja. Hii husahaulika karibu kila mara. Mtoto akitapika, nusu ya matapishi ni yako, na Dar bado iko mbele.

7. Chakula na maziwa.
Hapa ndipo penye maswali mengi, tukae kidogo.

*Ukaguzi wa majimaji.* Kwa safari za nje kanuni ni chupa zisizozidi mililita 100 kila moja, zote ndani ya mfuko mmoja unaoonekana wa lita 1. Maziwa, uji na dawa za mtoto huruhusiwa kuzidi hapo kwa kiasi cha safari, ilimradi uvitoe na kuvionyesha vyenyewe. Ndani ya nchi ubanaji hutegemea uwanja na afisa aliyepo. Ukipakia kwa kanuni ya safari za nje hutakwama popote. Uji ni majimaji. Mtindi ni majimaji. Siagi ya karanga nayo wataihesabu humo humo. Chupa kubwa ya maji ibebe tupu, ujaze au ununue maji baada ya ukaguzi.

*Anayenyonya.* Huyu ni rahisi kuliko wote, hana mzigo. Vaa nguo inayofunguka mbele, basi.

*Maziwa ya kopo.* Usichanganye nyumbani ukabeba yakiwa tayari. Pima unga wa kila mlo kwenye kopo lake kavu, milo 3 makopo 3, andika juu idadi ya vijiko. Maji yaliyochemka yaende kwenye chupa ya chai yakiwa moto. Unachanganya mtoto anapotaka, unapoza chupa kwenye maji ya bomba au unaizungushia kitambaa kibichi, unajaribu tone kifundoni pa mkono. Yaliyobaki baada ya saa 2 yamwage. Kwa joto la Mtwara usibishane na saa.

*Maziwa ya mama yaliyokamuliwa.* Kwenye joto la kawaida la nyuzi 25 hukaa saa 4; huku mara nyingi ni zaidi ya nyuzi 25, kwa hiyo yabebe kwenye kifuko cha baridi chenye barafu iliyoganda hasa.

*Uji wa lishe.* Upike mwepesi kuliko wa nyumbani, kwa sababu ndani ya chupa ya chai huendelea kuwa mzito na ukifika Dar hautoki mdomoni. Usijaze mpaka juu. Kunywesha ni ukumbini au baada ya kutua. Angani, ndege ikitikisika, uji wa moto ni hatari.

*Vyakula vikavu.* Bora ni vile visivyonata, visivyochuruzika na visivyonuka: chapati iliyokatwa vipande vya kidole, vitumbua vya jana vilivyokwisha kukauka mafuta, kiazi kitamu cha kuchemsha, mkate, ndizi mbivu ngumu kidogo (ndani ya kopo, siyo begini hivi hivi). Ming'oko (viazi vya porini vya huku kusini) ya kuchemsha nayo inafaa kwa mtoto mwenye meno kamili, akiwa macho na ameketi wima. Mayai ya kuchemsha yaacheni nyumbani. Abiria 70 ndani ya chumba kimoja watajua umebeba nini.

Hesabu mlo mdogo 1 kwa kila saa 2. Kila mlo ufungwe peke yake. Ukiweka chakula chote kwenye hotpoti moja, utaifungua mara moja na kitaisha mara moja.

> Onyo la korosho. Korosho nzima, karanga na njugu hazipewi mtoto wa chini ya miaka 5 popote, na ndani ya ndege ndiyo kabisa: akipaliwa, hospitali iko chini. Korosho za zawadi zipakie kwenye mzigo wa chini. Kilo 2 za korosho begini ni karibu theluthi ya uzito wako wote wa mkononi. Samaki wakavu na pweza vilevile, chini, ndani ya ndoo au boksi lililofungwa kwa gundi, na uulize kaunta kabla ya siku ya safari.

8. Dawa.
Chache, kila moja kwenye chupa yake yenye maandishi ya duka la dawa. Dawa ya homa ya maji ya mtoto pamoja na kikombe au bomba lake la kupimia lisilo na sindano. Pakiti 2 za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Kipimajoto cha betri; kile cha kioo chenye zebaki usikipande nacho ndege. Dawa anazotumia kila siku zitoshe safari na siku 2 zaidi, na zote zikae mkononi, hata kama mzigo wa chini una nafasi.

Dawa ya kumlaza mtoto usimpe kwa kubuni. Baadhi ya watoto huwageuza wakawa wakali badala ya kulala, na dozi ya kubahatisha huweza kuathiri pumzi.

9. Vya kuchezea na vya umeme.
Vitu 3 vidogo, visivyopiga kelele, visivyobiringika. Mpira hapana. Bastola ya plastiki hapana kabisa, hata iwe ya rangi ya waridi. Itabaki kwenye ukaguzi na mtoto atalia mpaka Dar. Mkasi, wembe, kisu cha kumenyea embe, viberiti vya gesi: toa vyote, kagua na mifuko ya pembeni ulikosahau tangu safari ya basi.

Pawabenki lazima iwe begi la mkononi, kamwe siyo mzigo wa chini. Mpaka ya wati-saa 100 inaruhusiwa kwa kawaida. Ile ya 20,000 mAh ni takriban wati-saa 74, iko salama. Ya jina lililofutika isiyosomeka uwezo wake inaweza kuzuiwa.

Katuni zipakue kwenye simu ukiwa nyumbani, uzijaribu ukiwa umezima data.

10. Panga ndani ya begi.
Chini kabisa na mgongoni: bahasha ngumu, nguo za akiba, pampasi za akiba. Katikati: chakula, makopo. Wima pembeni: chupa ya chai, mdomo juu, imevishwa soksi. Juu kabisa: kifuko cha kitini, dawa na pawabenki. Mfuko wa nje: kifuko cha kaunta na ukaguzi. Ukiweza kuchomoa vifuko hivyo viwili kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kitu cha kilo 9, umepanga vizuri.

11. Pima, kisha tembea nalo.
Hesabu ya mfano kwa mtoto mmoja: begi tupu gramu 700, nyaraka 200, pampasi na tishu 500, kanga mbili 400, nguo zote 600, chakula 700, chupa ya chai yenye maji 900, dawa 300, pawabenki na waya 450, vya kuchezea 300. Jumla kama kilo 5. Umebaki na kilo 2 chini ya kikomo, nazo ziache tupu. Mizani ya nyumbani na ya kaunta hazisemi lugha moja.

Halafu livae, mbebe mtoto, panda ngazi yoyote iliyo karibu, ushuke. Likikuvuta nyuma, vizito viko mbali na mgongo wako, virudishe ndani.

Mtoto wa miaka 3 na kuendelea mpe kibegi chake cha mgongoni, kisizidi kilo 1. Weka humo sweta lake, kitu kimoja cha kuchezea na karatasi yenye jina lake na namba yako ya simu. Usiweke kitu ambacho kikipotea utakihitaji, maana kibegi hicho utakibeba wewe kuanzia nusu ya safari.

12. Siku yenyewe.
Kwenye mashine ya ukaguzi: kwanza toa majimaji ya mtoto na umwambie afisa, "Mkuu, hii ni maziwa ya mtoto na uji wake," kabla hajauliza. Kisha begi, kisha simu, mtoto mwisho. Mtoto hapiti ndani ya mashine, unapita naye mkononi. Dar utakaguliwa mlangoni na tena kabla ya ukumbi, kwa hiyo usifunge mfuko wa majimaji chini kabisa ukidhani umemaliza. Anayeunganisha kwenda nje ajue jengo la 3 la Uwanja wa Julius Nyerere liko mbali na jengo la 2 linalotumika kwa safari nyingi za ndani. Unatoka, unahama na watoto na mizigo.

Usiwe wa kwanza kupanda kama huna mtu wa kukusaidia kuweka vitu. Dakika 10 za ziada kwenye kiti kidogo ni nyingi kwa mtoto wa miaka 2. Mkiwa wawili, mmoja atangulie na begi, mwenzake abaki na watoto wakikimbia ukumbini mpaka mwito wa mwisho.

Mambo yakienda kombo

*Maziwa yanaruka yenyewe kwenye chuchu ya chupa.* Hewa iliyofungwa ndani hutanuka ndege inapopanda. Legeza kifuniko kidogo, iache ipumue, kaza tena. Chupa za mrija zifungue taratibu, zimefunikwa na kanga. Pakiti za mtindi nazo huvimba. Usizitoboe zikielekea usoni.

*Masikio yanamuuma ndege ikishuka.* Kushuka huanza karibu nusu saa kabla ya kutua, na njia hii fupi inafika haraka. Mnyonyeshe au mpe chupa kuanzia hapo, anayejua kutafuna apewe kipande cha chapati, mkubwa zaidi apige miayo kwa makusudi. Kama amelala, mwamshe taratibu anyonye, maana usingizini hamezi mate sana. Mwenye mafua makali au sikio linalotoa usaha aonwe na daktari kabla ya safari.

*Kaunta wanasema begi limezidi.* Vaa sweta, jifunge kanga, simu na pawabenki mfukoni, mtoto mkubwa achukue kopo lake la chakula. Kilo nzima imeondoka bila kufungua mzigo mbele za watu.

*Wanataka kulichukua begi mlangoni mwa ndege.* Chomoa kifuko cha kitini, dawa, nyaraka na pawabenki kwanza. Ndiyo maana vilikuwa juu na kwenye mfuko wa nje.

*Ndege imechelewa saa 3.* Usifungue akiba yote kwa hasira. Rudi kwenye hesabu: mlo 1 kila saa 2, pampasi 1 kila saa 2. Kila saa 1 mtembeze mtoto. Kaunta waulize kama wanatoa maji na chakula kwa abiria.

*Pampasi zimeisha kweli.* Kunja kanga ya akiba pembetatu, weka tishu kavu katikati, funga, juu yake suruali mbili. Inashika kama dakika 40. Ukitua, nunua pakiti ndogo kabla ya teksi.

*Ametapika.* Kanga ya kifuko cha kitini kwanza, nguo baadaye. Vilivyochafuka viviringishe ndani kwa ndani, mfuko wa zipu, ubane. Msubirishe robo saa ndipo umpe maji kwa kijiko.

*Amepata homa siku mbili au tatu baada ya kufika.* Mpeleke akapimwe, na umwambie daktari kwamba mmetoka Mtwara au Lindi, ili kipimo cha malaria kiwe cha kwanza. Kadi ya kliniki unayo, ilikaa kwenye kifuko cha nyaraka.